Bei ya mafuta: anayetumia kidogo ndiye alipaye zaidi

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mstaafu mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Kibiti.



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kupanda kwa bei ya mafuta. Najua wako kati yenu wanaojiuliza mwalimu mstaafu ana lipi la kusema juu ya jambo la wachumi. Jibu langu ni fupi. Bei ya mafuta si jambo la wachumi peke yao, wala si jambo la wenye magari. Katika wilaya yetu anayeumia zaidi ni mtu asiye na gari, asiye na pikipiki, na ambaye pengine hajapata kusimama mbele ya pampu ya kituo cha mafuta maisha yake yote. Mtu huyo yuko Salale, yuko Mbuchi, yuko Kiongoroni, yuko Maparoni. Hutumia mafuta kidogo kuliko sisi sote, na kwa kila lita hulipa zaidi kuliko sisi sote. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo, kisha tujiulize sisi tulioajiriwa kumtumikia mtu huyo tunapaswa kufanya nini.

JAMBO HILI SI JIPYA

Ndugu zangu, vijana kati yenu msidhani kwamba shida hii ilianza juzi. Mwishoni mwa mwaka 1973, baada ya vita vya Mashariki ya Kati, bei ya pipa la mafuta ghafi ilipanda kutoka dola kama 3 hadi karibu dola 12 katika muda wa miezi michache tu. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, bei iliongezeka tena zaidi ya maradufu. Nchi yetu wakati huo ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Tuliokuwa watu wazima tunakumbuka foleni za mafuta ya taa, na tunakumbuka magari ya watu binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili alasiri.

Mwaka 1981 nilikuwa mwalimu kijana katika kisiwa kimoja cha Delta. Wilaya ilikuwa moja tu, Rufiji, na makao yake makuu yalikuwa Utete, huko tulikofuata mishahara. Siku moja nilifika pwani na kukuta boti la mashine limepandishwa mchangani. Nikamwuliza nahodha tutaondoka saa ngapi. Akanijibu, "Mwalimu, mafuta hayapo, lakini upepo upo na maji yanajaa. Ukiwa na subira tutafika." Tulifika, ingawa kwa kuchelewa. Nimelikumbuka jibu lile kwa zaidi ya miaka arobaini, na nitalirudia kabla sijamaliza.

Hali hiyo imejirudia mara nyingi. Mwaka 2008 bei ya dunia ilipita dola 140 kwa pipa. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, ilipita dola 120, na hapa nchini lita moja ya petroli ikapita shilingi 3,000. Serikali ikalazimika kutoa ruzuku, kwa kuanzia shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni mwaka huo. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba bei ikishuka mambo yamekwisha. Itapanda tena. Kiwanda chetu cha TIPER pale Kigamboni, kilichoanza kusafisha mafuta ghafi mwaka 1966, kiliacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo tunanunua mafuta yaliyokwisha kusafishwa na wengine. Vita katika Ghuba au Ulaya, au kushuka kwa thamani ya shilingi mbele ya dola, huonekana kwenye pampu zetu baada ya wiki chache.

SAFARI YA LITA MOJA

Sasa tuifuate lita moja ya petroli. Inashushwa melini bandarini. Inatozwa kodi na tozo. Inapakiwa katika gari la tanki, na gari hilo lenyewe linakula dizeli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, na mkitazama jedwali lake mtaona kwamba Kibiti ina bei yake, Rufiji ina bei yake, na Mafia ina bei yake. Kadiri unavyokwenda mbali na bandari ndivyo bei inavyopanda. Hakuna ajabu wala dhuluma katika hilo, kwa kuwa usafiri una gharama.

Lakini lita yetu haijafika mwisho wa safari. Kibiti inamiminwa katika kidumu. Kidumu kinapanda pikipiki au gari la abiria hadi gatini Nyamisati au kwenye bandari ndogo nyingine. Kutoka hapo kinapanda mashua na kupita katika vijito vya mikoko hadi kijijini, na huko kinagawanywa katika chupa. Kila mkono uliokipokea umeongeza kitu chake, na hatuwezi kuulaumu, maana kila mmoja amebeba mzigo na amebeba hatari ya moto. Ila bei kikomo iliyotangazwa imeishia kituoni. Chupa ile ya kisiwani haina ubao wa bei. Ikiwa kituoni lita imepanda kwa shilingi 300, mnunuzi wa chupa haongezewi shilingi 300 tu, bali huongezewa pia nauli mpya ya pikipiki na nauli mpya ya mashua, kwa sababu navyo vimeguswa na bei ileile.

Na ruzuku je? Ruzuku ya kila lita ya mwaka 2022 ilikuwa msaada mkubwa, nasi tuliishukuru. Lakini hebu tufanye hesabu. Anayejaza lita 60 katika gari lake amesaidiwa mara thelathini zaidi ya mvuvi aliyenunua lita 2. Msaada unaopimwa kwa lita humfikia zaidi mwenye tanki kubwa. Silisemi hili kwa kulaumu. Nalisema ili tusiridhike kwamba, kwa kuwa hatua imechukuliwa Dar es Salaam, basi mtu wa Mbuchi naye amekwisha pata nafuu.

KILA KITU KINAKULA MAFUTA

Wapo wanaosema, "Watu wa Delta wana mitumbwi na makasia, mafuta yanawahusu nini?" Ndugu zangu, tuangalie maisha ya siku moja tu.

Mpunga wa Delta unalimwa kwa jembe la mkono, lakini unakobolewa kwa mashine, na mahali pengi mashine hiyo ni ya dizeli. Dizeli ikipanda, ada ya kukoboa inapanda, au mwenye mashine anaizima hadi wateja wawe wengi. Mama anarudi kwenye kinu na mchi, na binti yake anabaki nyumbani kumsaidia. Mwalimu anaandika katika daftari la mahudhurio kwamba mtoto hakuja. Haandiki kwamba sababu ni dizeli.

Mvuvi wa kamba anahitaji barafu, na barafu hutoka mjini kwa gari. Bei ya barafu ikimshinda, huwakausha samaki wake kwa moshi, na moshi unataka kuni, na kuni zilizo karibu ni mikoko. Mkulima wa korosho wa Kibiti na Bungu anapulizia dawa mikorosho yake kwa pampu inayotumia petroli. Akipunguza petroli amepunguza dawa, na akipunguza dawa ubwiri unga unamla mavuno. Gunia la unga, mfuko wa saruji, bati, daftari la mwanafunzi, vyote vinakuja kwa malori ya barabara ya kusini, barabara iliyopata uhai mpya lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003 na watu wakaacha kusubiri kivuko cha Ndundu. Daraja limetuondolea adha ya kivuko, lakini halijatuondolea bei ya dizeli.

Na liko jambo zito kuliko yote hayo. Nimepata kuwa katika kijiji kimoja ambako mjamzito alikuwa katika uchungu usiku. Boti lilikuwapo, nahodha alikuwapo, mashine ilikuwa nzima. Petroli ndiyo haikuwapo. Mume wake na jirani zake walipita nyumba kwa nyumba wakichanga fedha, kisha wakapita tena wakitafuta mwenye akiba ya mafuta. Saa mbili zilipita. Mama yule alifika salama, alhamdulillahi, na mtoto wake leo anasoma. Lakini saa mbili zile hazikuwa haki yake. Ikiwa bei ya mafuta inaweza kumchelewesha mama hospitali kwa saa mbili, basi haiwezi kuwa habari ya ukurasa wa biashara tu.

BEI HUSHUKA, MADHARA HUBAKI

Nimesema kwamba bei hupanda na kushuka. Hapo ndipo ilipo hatari kwa siku za baadaye. Yale tunayoyafanya ili kuikwepa bei hayashuki pamoja na bei.

Mikoko ya Delta ya Rufiji, yenye hekta kama 53,000, ndiyo mikubwa kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Wazee wetu waliikata mikandaa na mikoko kwa boriti, na majahazi yaliyokuja na kaskazi yaliondoka na kusi yakiwa yamezibeba hadi Arabuni na nchi za Ghuba. Tazameni dunia ilivyogeuka: zamani sisi tuliwapelekea boriti za kujengea nyumba zao, na tuliwapelekea kwa upepo wa bure, leo tunaingoja meli ya mafuta kutoka upande uleule, na tunalipa kwa dola.

Gesi ya kupikia na mafuta ya taa vinapokuwa ghali, mji unarudi kwenye mkaa, na mkaa huo unatoka kwetu. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Lengo hilo ni jema. Lakini kila bei ya mtungi wa gesi inapopanda, wako wanaorudi nyuma, na shoka linaingia msituni. Mwaka uleule wa 2024, mwezi wa Aprili, mafuriko makubwa yaliwakumba wananchi wa Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaja kupitia Mafia. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba mkoko ni ukuta wake mbele ya bahari. Bei ya gesi inaweza kushuka mwezi ujao, lakini mkoko uliokatwa mwezi huu hautasimama tena kwa miaka mingi. Hali kadhalika mtoto aliyeacha shule kwa sababu nauli ya mashua imewashinda wazazi wake: nauli ikishuka, yeye amekwisha kuwa mvuvi, au amekwisha kuolewa.

WAJIBU WETU

Ndugu watumishi, bei ya dunia hatuiwezi. Hata nchi kubwa kuliko yetu haziiwezi. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwetu kabisa, nami nataja matano.

La kwanza ni safari zetu wenyewe. Chukueni mfano wa darasani. Boti linalotumia lita 20 kwenda na kurudi kisiwani, petroli ikipanda kwa shilingi 500, linaongezeka gharama shilingi 10,000. Likibeba watu 10, kila mmoja anaongeza shilingi 1,000. Likibeba watu 4, kila mmoja anaongeza shilingi 2,500. Sasa jiulizeni: ni mara ngapi katika wiki moja watu wa elimu wamekwenda kata fulani kwa boti lao, watu wa chanjo kwa boti lao, na watu wa kilimo kwa boti lao? Hizo ni lita 60. Kwa kupanga ratiba pamoja zingekuwa 20, na lita 40 zilizobaki zingewapeleka wagonjwa wawili hospitali. Kasma ni tofauti, najua. Taratibu za masurufu nazijua. Lakini bahari ni moja na mwananchi ni mmoja.

La pili ni saa ya maji. Ofisi huitisha kikao saa tatu asubuhi kwa sababu saa tatu ni saa ya ofisi. Mtendaji na mwalimu wa kisiwani wanalazimika kupambana na maji yanayoingia, na mashine inayosukuma boti dhidi ya mkondo hula mafuta mengi zaidi. Nahodha wangu wa mwaka 1981 alijua jambo hili bila ya kwenda chuo. Ratiba ya maji kujaa na kupwa inajulikana mapema. Basi vikao vinavyowahusu watu wa Delta vipangwe kwa saa ya maji. Haitatugharimu hata senti moja.

La tatu ni uaminifu. Nalisema hili bila kumtaja mtu. Lita inayofyonzwa katika tanki la gari la umma na kuuzwa kando ya barabara, safari inayoandikwa katika daftari bila kufanyika, boti la huduma linalopeleka wageni wa harusi, huo si ujanja. Wakati wa bei ndogo ni wizi. Wakati wa bei kubwa ni kumnyang'anya mgonjwa boti lake.

La nne ni akiba ya dharura. Kila kijiji cha kisiwani kiwe na mafuta ya wagonjwa, yaliyonunuliwa kwa mchango mdogo wakati bei imeshuka, yakatunzwa na kamati, mbali na nyumba na moto, kwa daftari linalosomwa hadharani. Tena vyama vyetu vya ushirika vichunguze mikopo ya Wakala wa Nishati Vijijini kwa ajili ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini. Mahali penye kituo halali pana kipimo halali na pana ubao wa bei, na mchezo wa chupa hupungua.

La tano, na hili ni la walimu hasa, ni elimu. Wanafunzi wa darasa la sita waandike kila mwezi bei ya petroli kijijini, nauli ya mashua na ada ya kukoboa mpunga, wachore mstari wake ukutani. Watajifunza hesabu, watajifunza jiografia, na watajifunza jinsi nchi yao inavyoishi na dunia. Wazazi nao watakuja kuutazama mstari ule, na mchuuzi anayepandisha nauli kupita kiasi atajua kwamba kuna jicho linalomtazama.

TUKIANGALIA MBELE

Ndugu Mwenyekiti, nchi yetu si maskini wa nguvu. Gesi ya Songo Songo tangu mwaka 2004, na ile ya Mtwara tangu mwaka 2015, inapita katika mabomba ndani ya mkoa wetu ikielekea Dar es Salaam. Mto wetu huuhuu wa Rufiji unazungusha mitambo tisa ya Bwawa la Mwalimu Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wa mwisho ulikamilika mwaka 2025. Ni haki watu waliopo mwisho wa mto huo kutamani kwamba nguvu yake iwafikie na wao: pale nyaya zilipofika, mashine za dizeli za kukoboa mpunga zibadilishwe kuwa za umeme, pale zisipofika, jua lipo, na paneli za zahanati na za shule zitunzwe kama tunavyotunza ubao na chaki. Betri iliyokufa kwa kukosa matunzo inatupeleka tena kwenye kidumu.

Na tanga tusilitupe. Sisemi turudi nyuma. Mgonjwa apelekwe kwa mashine, na apelekwe upesi. Lakini makuti, chumvi, mbao na magunia ya mpunga hayana haraka ya kujifungua. Mzigo unaoweza kusubiri upepo na usubiri upepo, ili petroli kidogo tuliyo nayo ibaki kwa ajili ya yule asiyeweza kusubiri. Kujitegemea hakukuwa na maana ya kukataa kitu cha kigeni. Maana yake ilikuwa kujua ni kipi tunakihitaji kweli, na ni kipi tumekizoea tu.

Nahodha wangu alisema, mafuta hayapo, lakini upepo upo na maji yanajaa. Hakukaa mchangani kumlaani mtu wa mbali. Alihesabu alicho nacho, akatweka tanga, akatufikisha. Sisi tuna zaidi ya alichokuwa nacho yeye: tuna ofisi, tuna kasma, tuna elimu, tuna mamlaka tuliyopewa na wananchi. Mtu wa Kiongoroni hatatuuliza bei ya pipa la mafuta huko Ulaya. Atatuuliza kwa nini maboti matatu ya Serikali yalipita mbele ya nyumba yake wiki ile, na usiku mkewe alipougua hapakuwa na lita tano.

Tujiandae kumjibu.